Chai ya Dada Nakhisa

Atoo alibadilisha nguo mara tatu Alhamisi ile, na katika zote tatu hakuna hata moja aliyoivaa kwa ajili ya Nashon. Nashon alikuwa wake tayari. Nashon angempenda hata akivaa gunia, au ndivyo alivyoamini. Aliyemhangaisha mbele ya kioo ni mwanamke ambaye hajapata kumtia machoni: Dada Nakhisa, mwandishi wa riwaya za mapenzi. Moyo ulimwenda mbio kana kwamba anakwenda kuposwa.

"Unajipaka yote hayo kwa nani?" aliuliza Waya Akullo kutoka mlangoni. Waya ndivyo Waacholi wanavyomwita shangazi, dada wa baba, na huyu alikuwa ameshuka basi la Gulu jana yake akiwa na gunia la karanga na maneno mengi. "Wakwe wanakuja Jumamosi. Leo Alhamisi."

"Nakwenda kunywa chai na mwandishi, waya."

"Mwandishi wa nini?"

"Wa vitabu."

"Atakupa kazi?"

"Hapana."

"Ni mgonjwa, unakwenda kumjulia hali?"

"Hapana, waya. Nampenda tu. Napenda anavyoandika."

Waya Akullo alimkagua toka kichwani hadi miguuni. "Basi funga hicho kifungo cha mgongoni. Watu wasije wakasema binti wa Oloya hakulelewa na mwanamke."

Maneno hayo yalimchoma kidogo, kwa kuwa ni kweli hakulelewa na mwanamke. Mama yake alifariki Atoo akiwa na miaka kumi na mmoja, na baba yake, Sajini Oloya, sasa mstaafu, alimlea kambini kwa filimbi na amri. Baba huyo alikuwa amemkataa Nashon miezi minane mizima. Mkenya, alisema, mtu ambaye hatujaona hata mlango wa kwao. Atoo alilia, akanuna, akasusa chakula, mpaka siku moja mzee akaweka gazeti chini akasema neno moja tu: "Waje."

Basi wangekuja Jumamosi saa nane mchana, wazee wa Nashon kutoka Kisumu, kujitambulisha rasmi nyumbani kwao Kisugu. Hema limekwisha kuletwa. Viti hamsini vimepangwa ukutani. Nusu ya ukoo ilikuwa njiani, na nusu nyingine ilikuwa imeshafika na kuanza kulalamikia maji ya kuoga.

Sasa, asiyemjua Atoo angeuliza: msichana ana mambo yote hayo shingoni, mwandishi wa nini tena? Lakini mwenye kuuliza hivyo hajapata kusoma kitabu akaona ameandikwa yeye. Atoo alifanya kazi Wandegeya, kwenye duka la kupiga chapa, na vitabu vya Dada Nakhisa, vile vyembamba vya kubana kwa pini vinavyouzwa kwa Wakenya na Wakongo wa mjini, vilipigwa chapa pale pale. Nashon ndiye aliyekuwa wakala wa mwandishi. Alikuja mara ya kwanza miaka miwili iliyopita, na flashi mkononi na tabasamu la pole, akasema, "Dada Nakhisa anaomba mtu wa kumsahihishia makosa kabla ya kuchapwa. Wanasema wewe unakijua Kiswahili kuliko wote hapa." Atoo alisahihisha kitabu, akampenda mwandishi, akamrudishia wakala flashi, akampenda na wakala.

Na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, nyuma ya duka lile, wasomaji saba wanane wa Kiswahili walikutana kucheza mchezo wao. Waliuita kiti kitupu. Unataja mwandishi ambaye ungependa kunywa naye kinywaji, unakiagiza kinywaji chenyewe kwa pesa yako, unakiweka mbele ya kiti kisicho na mtu, kisha unakiuliza kiti swali moja. Wenzako wanajibu kwa niaba yake. Arsène, kinyozi wa Kikongo, alikiwekea bia kila mwezi na kumgombeza mwandishi fulani kwa kumwua shujaa ukurasa wa mwisho. Amito, rafiki yake Atoo, aliweka soda, maana mwandishi wake alikuwa mlokole.

Atoo aliweka chai ya tangawizi, mwezi hadi mwezi, kwa Dada Nakhisa. Na swali lake lilikuwa lile lile: "Ulijuaje?"

Wenzake walichoka. "Mwulize kingine," Arsène alimwambia. "Hata kiti kimechoka."

Lakini hawakujua anachouliza. Katika kitabu cha kwanza baada ya yeye na Nashon kuwa wapenzi kulikuwa na msichana aliyelala na kitenge cha marehemu mama yake chini ya mto, akakinusa kila alfajiri kabla hajafumbua macho. Atoo alilala hivyo tangu ana miaka kumi na mmoja, akikibeba hata usiku aliolala na Nashon kwa siri. Hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa Nashon. Siku aliposoma ukurasa ule alimkabili: "Wewe umemwambia?" Nashon akacheka. "Dada aliandika hicho kitabu kabla sijakujua, mpenzi." Atoo akaamini, tena kwa furaha. Ina maana duniani kuna mwanamke mwingine anayenusa kitenge cha mama yake. Ina maana hakuwa peke yake. Faraja ile ilimwingia kuliko hata mapenzi.

Na mwezi baada ya mwezi aliyekijibia kiti alikuwa Nashon. "Nilijua," alisema kwa sauti ya kike, wenzake wakicheka, "kwa sababu na mimi nimependa."

*

Hoteli yenyewe ilikuwa Mengo, ndogo, yenye bustani nyuma. Nashon alimsubiri getini. Shati lilikuwa safi lakini uso ulikuwa wa mtu aliyelala vibaya.

"Tunaweza kuahirisha," alisema.

"Miaka miwili nakuomba, leo ameshafika unaahirisha?"

"Dada ana maneno makali, Atoo. Si kama vitabu vyake."

"Mimi nimelelewa na sajini," Atoo alisema, akamshika mkono. "Twende."

Walitembea wameshikana mpaka kwenye kona ya jengo. Hapo Nashon akauachia mkono wake, taratibu, kama mtu anayeweka chini sahani ya watu. Atoo alidhani ni heshima kwa mwandishi.

Mwanamke aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli wa bustani hakufanana na kitu chochote Atoo alichokuwa amekichora kichwani. Alikuwa mfupi, wa miaka arobaini hivi, sweta jeusi, miwani yenye uzi shingoni, hana hata hereni. Mezani palikuwa na birika, vikombe vitatu, daftari na kalamu. Alisimama, akampa Atoo mikono yote miwili.

"Karibu sana, Atoo. Nimekuagizia ya tangawizi. Majani mengi, sukari kijiko kimoja. Nimekosea?"

"Hujakosea, Dada," Atoo alisema, na sauti ilitoka nyembamba kwa raha. "Siamini. Nimekuota mara nyingi sana."

"Na mimi nimekuwaza mara nyingi." Alimtazama kwa makini, toka kwenye nywele hadi viatuni, bila haraka. "U mzuri kuliko nilivyoelezwa. Keti. Baba Travis, msogezee mgeni kiti."

Kiti kilisogezwa. Atoo alianza kukaa, kisha akabaki ameinama katikati. Travis alimjua. Travis alikuwa yule mvulana wa miaka tisa kwenye picha ya simu ya Nashon, mtoto wa marehemu kaka yake, ndivyo alivyoambiwa. Aligeuka kutazama ni nani mwingine yupo pale bustanini anayeweza kuitwa Baba Travis. Hapakuwa na mtu. Aliyeshika kiti alikuwa Nashon.

"Umemwitaje?" aliuliza.

"Baba Travis. Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina tu hivi hivi. Kwenu vipi?"

"Nashon," Atoo alisema.

Nashon alikaa, akatazama ndani ya kikombe chake.

"Mwambie," alisema yule mwanamke. Alimtazama Nashon, kisha akamgeukia mgeni. "Haya, nitasimulia mimi, ndiyo kazi yangu. Naitwa Adero. Nakhisa ni jina la vitabuni. Tumefunga ndoa kanisani, huu ni mwaka wa kumi na moja. Travis ni wetu. Nyumba iko Kisumu, na huyu anapokwambia anakwenda kuchukua flashi kwangu, anakuja kulala kwake."

Mhudumu alitokea na bakuli. "Nyabo, mama, sukali inatosha?"

"Inatosha, asante," alisema Adero, kwa upole kabisa, na mhudumu akaenda zake.

Atoo alikuwa ameketi bila kujijua. Alisikia masikio yakimvuma. "Mimi sikujua," alisema. "Naapa, Dada. Sikujua."

"Najua hukujua. Ningejua kwamba unajua nisingekuja na chai." Adero alimimina, akamsukumia kikombe. "Sasa niulize swali lako."

"Swali gani?"

"Lile la kiti kitupu. Kila mwezi unaniuliza nami sipo. Leo nipo."

Atoo hakutaka kuuliza. Alikwisha kulijua jibu, lilikuwa limekaa mbele yake limevaa shati safi. Lakini mdomo ulikuwa umezoea.

"Ulijuaje?"

"Aliniambia." Adero alivaa miwani, akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi. "Kila Ijumaa jioni kwa simu. Sikiliza. 'A. ana kitenge cha mama yake chini ya mto. Asubuhi anakinusa akidhani nimelala. Mara moja nilimwona anatabasamu.' Hiyo ya kutabasamu sikuitia kitabuni. Niliona imezidi."

Nashon alisema, "Adero, yatosha."

"Wewe nyamaza. Wewe ni mhusika."

Atoo alimtazama mwanamume aliyempigania miezi minane. Alitafuta usoni mwake kitu cha kumshika, aibu, hasira, chochote. Alikuta mtu anayesubiri kikao kiishe. Iliuma, lakini haikuwa hiyo iliyouma zaidi. Iliyouma zaidi ni kwamba hakuna mwanamke mwingine. Duniani kote hakuna anayenusa kitenge cha mama yake ila yeye, Atoo, peke yake, kama ilivyokuwa mwanzo.

"Kwa nini hukuja kunipiga?" aliuliza. "Wanawake wengine wangekuja kunipiga."

"Nilifikiria. Siku nilipogundua nilikuwa na kitabu nimekwama nacho miezi mitano, na mume anayenukia marashi ya mtu. Nikamwambia, kuna njia mbili. Moja, nimpigie simu baba yake yule msichana, huyo mwanajeshi. Mbili, uendelee, lakini kila utakachofanya kule utanisimulia. Usipunguze hata neno." Alikoroga chai yake. "Usidhani alibishana. Alichagua ya pili kabla sijamaliza kusema."

"Na wewe ukaandika."

"Nikaandika, nawe ukapiga chapa. Tena ukanisahihishia." Hapo Adero alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza, na meno yake yalikuwa mazuri. "Kitabu chako cha pili, sura ya saba. Niliandika kwamba msichana ana kovu kwenye goti la kushoto. Flashi ikarudi, kovu limehamia goti la kulia. Nilikaa jikoni nikacheka mpaka Travis akaja kuniuliza nina nini. Hukushtuka hata kidogo?"

Atoo alikumbuka. Alikuwa ameona kosa, mkono ukalisahihisha. Hakujiuliza alijua vipi kwamba ni kosa. Chini ya meza, kiganja chake kilikwenda chenyewe kikafunika goti la kulia.

"Alinipenda?" alimwuliza Adero, kisha akaona upuuzi wa kumwuliza yeye, akageuka. "Nashon. Ulinipenda?"

Nashon aliinua macho. Kabla hajajibu alimtazama mkewe, haraka, kama mtu anayeomba ruhusa. "Mwanzo hapana," alisema. "Baadaye... Atoo, mambo haya si rahisi."

"Na Jumamosi?"

Nashon alizungusha kikombe chake kwenye kisahani.

"Jumamosi, Nashon. Baba yangu amepanga viti hamsini."

"Nilikuwa nitakwambia."

"Lini?"

"Leo."

"Na wale wazee wako? Mjomba niliyeongea naye kwa simu, akaniita mwanangu, akaniuliza kama baba anakunywa pombe?"

"Huyo ni rafiki yangu tu, Atoo. Tunafanya naye kazi."

Adero alikuwa akiandika. Si kwa siri. Aliandika wazi wazi, akiinua kichwa na kukiinamisha, kama karani. "Kitabu cha tatu kimebaki sura moja," alisema. "Nilikuwa nimeshaitunga. Msichana amekaa na nguo yake mpya, shangazi zake wako jikoni, saa nane inafika, saa tisa, saa kumi. Baba anazunguka hema. Hakuna anayetokea. Nilitaka iwe hivyo hivyo, nimtume huyu aje kuniambia umekaaje. Halafu nikaona, hapana, kutoka mbali sitaiona vizuri. Nimeandika wanawake tisa wakiambiwa kwamba wameachwa, na wote tisa nimewadanganya wasomaji. Sijawahi kuuona uso wenyewe kwa karibu." Aliegemea mbele. "Samahani, hilo shavu lako. Sasa hivi linawaka au ni la baridi?"

Atoo alilamba midomo.

"Midomo imekauka. Hiyo nilikosea siku zote, niliandika inatetemeka." Kalamu ilikwenda. "Usinichukie, mdogo wangu. Umekula kwangu miaka miwili bila kujua, nami nimekula kwako nikijua. Kila mtu ameshiba."

Ndege fulani alikuwa akipiga kelele kwenye ua. Meza ya pili watu walikuwa wakicheka mambo yao. Atoo alikiona kikombe chake, chai ya tangawizi, majani mengi, sukari kijiko kimoja. Akakichukua, akanywa, akanywa tena, mpaka mwisho. Alipokiweka chini alijisikia kichwa chepesi na kibaya, kama mtu aliyepandwa na homa akaacha kuiogopa.

"Dada," alisema, "naomba nikusahihishie kwa mara ya mwisho."

"Nakusikiliza."

"Vitabu vyako vyote nimevisoma neno kwa neno, mara mbili mbili. Vina upungufu mmoja. Mwanamume wako haongei kuhusu mkewe. Anaongea mambo ya kazi, ya mvua, ya mpira. Mkewe hamtaji hata mstari mmoja."

"Kwa kuwa hakukwambia kwamba ana mke. Mimi naandika ninayoletewa."

"Hakuniambia ana mke. Lakini aliniambia habari zako." Atoo alikunja kitambaa cha karatasi mara mbili, akakipanga kando ya kikombe. "Miaka miwili, Dada. Mimi ndiye msomaji wako mkubwa, umesahau? Kila juma nilimwuliza: Dada Nakhisa ni mtu wa namna gani? Ni mzuri? Anacheka? Akiwa peke yake anakuwaje? Kuna mtu anampenda kweli? Nilimsumbua. Na Nashon alinijibu. Siku nyingine alijibu mpaka chakula kikapoa."

Kalamu ilisimama.

Adero aligeuza shingo akamtazama mumewe. "Hayo hukunisimulia."

"Yalikuwa mambo ya kazi tu," alisema Nashon.

"Nilikwambia usipunguze hata neno."

"Adero, ni mambo ya wakala na mteja, nikusimulie nini?"

Adero alirudi kwa Atoo. Miwani ilikuwa imeteremka puani, naye hakuipandisha. "Alisema nini?"

Atoo alisimama, akachukua mkoba.

"Atoo. Alisema nini juu yangu?"

"Si huyu hapa? Mwulize."

"Huyu ataniambia uongo."

"Najua," alisema Atoo.

"Keti kidogo." Sauti ya Adero ilikuwa imebadilika, ikawa ya mtu wa kawaida kabisa, mwanamke wa Kisumu mwenye sweta. Alikuwa ameshika birika. "Imebaki chai. Keti tunywe, dakika tano tu. Jumamosi tunaweza kuizungumza, naweza kumwamuru hata aje, asimame pale mbele ya baba yako. Niambie kitu kimoja tu. Kimoja chochote."

"Kiagizie kiti chai," Atoo alisema, "ukiulize."

Aliondoka bila kumtazama Nashon tena. Nyuma yake alisikia, "Ulisema nini? Baba Travis, ulimwambia nini?" na jibu la Nashon likiwa chini, la haraka, la kuomba. Aliendelea kutembea.

Na ukweli ni huu, ambao Adero hakuupata siku ile wala siku nyingine. Nashon hakuwahi kusema baya hata moja. Alisema mwanamke yule hucheka peke yake jikoni akiandika, naye, Nashon, husimama nyuma ya mlango kumsikiliza. Alisema hajaona mtu mwenye akili kama ile, na kwamba wakati mwingine humwogopa kwa jinsi anavyomheshimu. Aliyasema kwa sauti laini ambayo Atoo, mjinga wa watu, aliipenda bila kuuliza inatoka wapi. Sentensi moja tu kati ya hizo ingemrudishia Adero usingizi wake wa miaka miwili. Atoo alijua hivyo vizuri. Alitoka nazo getini zote, na kwa kitambo kifupi alijisikia vizuri.

Kisha akakumbuka hema.

Alisimama kando ya barabara, penye waendesha boda, akapiga simu. Baba yake alipokea upesi, na kwa Kiswahili chake cha kambini, kile alichokitumia kila alipokuwa na kazi mkononi.

"Ongea haraka, niko juu ya ngazi. Nafunga taa kwa hema. Watu ya Kisumu inakuja ngapi? Waya yako anasema viti haitoshi."

"Baba."

"Sema."

"Baba, hakuna anayekuja."

Alisikia ngazi ikilia, hatua baada ya hatua, mzee akishuka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ana mke. Ana mtoto wa miaka tisa. Wazee hawapo, alinidanganya."

"Wewe ulijua?"

"Sikujua, baba."

"Mimi nilikuambia."

"Uliniambia."

"Nilikuambia mara ngapi?"

"Nyingi."

"Ngapi?"

"Kila siku, baba," alisema Atoo, na hapo ndipo machozi yalipotoka, mwendesha boda wa karibu akageuza uso kwa adabu. "Nakuomba, wapigie waliobaki wasije. Wapigie jamaa zetu kina Olal, wapigie wa Gulu. Waambie lolote. Sema mimi ni mgonjwa."

"Mimi nipige?" Sauti ya Sajini Oloya haikupanda, ilikuwa tulivu, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Miezi nane ulipigana na mimi ndani ya nyumba yangu. Hukula chakula yangu. Nikakubali, nikaita ukoo kwa jina yangu. Sasa unataka mdomo yangu idanganye watu? Hapana. Watu itakuja. Jumamosi saa nane wewe utavaa ile nguo yako, utasimama mbele yao kwa hema, utawaambia wewe mwenyewe. Halafu utagawa chakula."

"Baba, siwezi."

"Utaweza."

"Watacheka."

"Wacheke wakikuona, si nyuma ya mgongo yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimesikia, nani?"

Magari yalipita, moja, mawili, matatu. Atoo alijifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Nimesikia, afande."

Simu ikakatwa. Mwendesha boda alimkabidhi kofia ngumu na kumwuliza anakwenda wapi. Atoo alimwambia Kisugu, akapanda.